Kabla Hujatoa Ada

Umeniuliza, Likongo, ujiunge au usijiunge.
Mimi swali fupi hunipa jibu refu, unanijua.
Kaa. Hiyo chai mwaga, imeshapoa.

Ada ni elfu kumi kwa mwezi.
Msimu wa korosho ukiharibika, hizo ni siku ngapi za mboga?
Piga hesabu mwenyewe,
mie niliacha kupiga mwezi wa tatu.
Tunakutana Jumamosi, juu ya duka la vipuri la Kermali,
viti ishirini, watu tisa, kamera sita,
na moja katika hizo sita ni yangu,
lenzi yake ina ukungu tangu masika ya mwaka juzi.

Pale utapigwa, sikufichi.
Picha yako itabandikwa ukutani
na Nang'oma wa idara ya ardhi ataisogelea
kama anakagua mpaka wenye kesi.
"Mstari wa bahari umelala upande," atasema.
"Maji yote yanamwagikia Kitunda."
Watacheka. Utacheka nao.
Usiku utawatukana kitandani, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao.
Asubuhi utaitazama tena:
kweli, yanamwagika.

Faida ya kikundi ndiyo hiyo, mjomba.
Haiji imevaa nguo za faida.

Miaka kumi na tisa nilipiga pasipoti pale Ndoro,
shuka la bluu, stuli, kidevu juu, usicheke.
Nimezijua shingo za Lindi nzima.
Kuhusu mwanga nilijua mambo mawili:
umeme upo, umeme umekatika.
Kisha Somoe Chinyama, muuguzi, katoka zamu ya usiku
na macho mekundu, akanivuta hadi kwenye lile jumba bovu
lililobakiza mlango na nusu ya ghorofa.
"Usipige kitu," akasema. "Tazama ukuta."
Nikatazama. Chokaa ikawa ngozi,
ngozi ikawa chumvi,
jua likapanda kidogo, ikarudi kuwa chokaa.
Nilirudi nyumbani bila picha hata moja,
nimechoka kama niliyelima.

Lenzi nzuri utaazima, ndiyo.
Ila lenzi ya mtu ina mdomo:
picha ikipendwa, itasema ni yake;
ikichukiwa, ni mkono wako.

Na kuna jambo la Mitwero.
Siku hiyo tulikwenda wote tisa
kwa Bi Esha Namkopi, anayechoma korosho
kwenye bati lililotobolewa kwa msumari.
Moshi ule, mjomba! Ulisimama kama umeitwa.
Tukamzunguka kama kunguru waliosikia dagaa,
mmoja amepiga goti, mwingine kapanda kwenye tofali,
"mama, geuka kidogo," "mama, koroga tena."
Akakoroga. Akakoroga tena.
Kisha akaweka ufito chini.
"Mmenipiga mara tisa," akasema.
"Sasa korosho ananunua nani?"

Tukasikia vifuniko vya lenzi vikifungwa.
Nang'oma alinunua robo kilo.
Somoe alinunua, akasahau chenji kwa makusudi.
Mimi mfukoni nilikuwa na nauli tu,
au nilijiambia ni nauli tu.

Picha yangu ya moshi ule ilishika nafasi ya pili
kwenye maonyesho ya ukumbi wa shule.
Nilipewa cheti, nikapigiwa makofi,
na mwenye moshi hajui kwamba ameshinda.
Tangu siku hiyo, nikienda Mitwero
napita njia ya nyuma, ya mbali, yenye mchanga.

Basi ujiunge?
Macho yako yatafunguka, na yakifunguka
hayatachagua cha kuona, yatakuona na wewe.
Mimi sijatoka. Jumamosi nitakuwepo, kiti cha karibu na dirisha.

Ukitaka kuja, njoo na elfu kumi.
Lakini leo, ukitoka hapa, anzia Mitwero.
Nunua kilo nzima. Kamera iache nyumbani.
Umwambie Bi Esha kwamba mjomba wako...
hapana, usimwambie kitu.
Nunua tu.